Minervali na Madeni ya Shule

Neno minervali si geni kwetu. Toka Uvira hata Baraka, toka Kiliba hata Luvungi, mtoto hulijua kabla hajajua kuandika jina lake vizuri, maana ndilo linalomrudisha nyumbani asubuhi, daftari kwapani. Wengi hudhani ni neno la Wabelgiji, kwamba walilileta pamoja na kodi na mizani ya pamba. Kulileta walilileta kweli, lakini hawakulitunga. Ni neno la Kilatini, tena la kipagani.

Warumi wa kale waliabudu miungu mingi, na mmoja wao ni Minerva, waliyemdhania kuwa mama wa hekima na wa kazi za mikono. Sikukuu yake ilianza tarehe 19 Machi, siku ambayo sisi leo twamkumbuka Mtakatifu Yosefu. Wanafunzi walipumzika, na kila mmoja alimpelekea mwalimu wake fedha kidogo. Fedha hizo ndizo zilizoitwa minerval. Yapata mwaka 200, Tertuliano wa Kartago, mwandishi Mkristo wa Afrika, aliwakemea walimu kwa ajili ya desturi hiyo, kwa kuwa malipo ya kwanza ya mwanafunzi mpya yaliwekwa wakfu kwa heshima ya sanamu. Basi mzazi wa Mulongwe anunung'unikapo juu ya minervali anaye Tertuliano upande wake, ingawa kwa sababu nyingine.

Na madeni yalikuwako tangu wakati ule ule. Juvenalis, mshairi wa Roma aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 2, aliwaonea huruma walimu, maana ni wachache waliopata ujira wao wa mwaka bila kwenda kwa hakimu. Mwalimu alifundisha mwaka mzima, na mwisho wake akasimama barazani kuwadai wazazi.

Lakini shahidi mkubwa wa jambo hili ni Mtakatifu Augustino, kwa sababu yeye alisimama pande zote mbili. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Tagaste, nchi ya Algeria ya leo. Baba yake, Patrisi, hakuwa maskini wa kuomba, wala hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa kadiri, kama walivyo wengi wetu, na alikuwa na mtoto mwenye akili kuliko mfuko wa baba yake. Augustino alipofika mwaka wake wa 16, masomo ya karibu yalikwisha, ikabaki kwenda Kartago, mji mkubwa, na fedha za Kartago hazikupatikana. Akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi, baba akihangaika kukusanya.

Nasi twajua alifanya nini mwaka ule. Ndio mwaka aliotoka usiku na vijana wenzake wakaiba matunda ya jirani, mapea, wasiyokuwa na njaa nayo, wakawatupia nguruwe. Wahubiri wetu hupenda kuyataja matunda hayo wasemapo juu ya dhambi, na wana haki. Lakini ni mara chache tumesikia mhubiri akisema ya kwamba kijana yule alikuwa mitaani kwa sababu ada ya shule ilikosekana. Mtakatifu mwenyewe amelieleza hilo katika kitabu chake cha Maungamo.

Aliyemtoa katika shida ile ni Romaniano, tajiri wa mji wao. Alimfungulia mkono, na Patrisi alipokufa, aliendelea kumtunza kijana katika masomo. Augustino hakumsahau. Baadaye alimwandikia kwa jina, akimshukuru mbele ya watu wote.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 383 Augustino, naye sasa mwalimu, aliondoka Kartago kwenda Roma, kwa kuwa aliambiwa kwamba wanafunzi wa Roma ni watulivu. Watulivu walikuwa. Wakasikiliza masomo yote, na siku za kulipa zilipokaribia, wakapatana kwa siri, wakahama kundi zima kwenda kwa mwalimu mwingine, yule wa kwanza wakamwacha mikono mitupu. Augustino aliona uchungu, na anakiri kwamba aliwachukia. Mwaka uliofuata alipata kazi Milano, ambako mshahara wa mwalimu ulilipwa na mji, akaenda. Huko ndiko alikomsikia Askofu Ambrosio akihubiri.

Basi wako wadeni wa namna mbili, nao si ndugu. Mmoja ni Augustino wa Tagaste, asiyelipa kwa kuwa hana. Mwingine ni mwanafunzi wa Roma, asiyelipa kwa kuwa hataki. Katika daftari la mtunza fedha wote wawili huonekana sawa: jina, na mbele yake nafasi tupu.

Kanisa lilipopata shule nyingi lilitafuta njia ya kuwasaidia wale wa namna ya kwanza. Mtaguso Mkuu wa 3 wa Laterani, mwaka 1179, wakati wa Papa Aleksanda III, uliamuru kila kanisa la askofu liwe na mwalimu aliyetengewa pato lake, ili awafundishe wakleri na wanafunzi maskini bila malipo. Mababa wa Mtaguso hawakusema kwamba mwalimu afundishe kwa njaa. Walisema mwalimu alipwe na mfuko mwingine, kisha maskini asidaiwe. Watu husahau nusu ya kwanza ya amri hiyo.

Iko habari nyingine, ya Oxford, Uingereza, nayo yapendeza kuisimulia. Mwaka 1209 watu wa mji ule waliwanyonga wanafunzi kwa kosa la mtu mwingine. Wanafunzi na walimu wakatawanyika. Mwaka 1214 mjumbe wa Papa aliuhukumu mji utoe shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini, na tena uwalishe maskini 100 siku ya Mtakatifu Nikolasi, mkate, pombe, mchuzi, na samaki au nyama. Mwaka 1240 Robert Grosseteste, Askofu wa Lincoln, akazitilia sheria fedha za mji, zikawekwa katika sanduku la Mtakatifu Frideswide. Mwanafunzi aliyekwama alikwenda sandukuni, akaacha rehani, mara nyingi kitabu, akakopa bila riba. Akirudisha, alipewa kitabu chake. Muda ukipita bila kulipa, kitabu kiliuzwa na sanduku likajirudishia. Hivyo fidia ya damu ikawa mkopo wa masomo, na mkopo ule haukula mtu, wala mtu hakuula.

Turudi kwenye ziwa letu. Mapadre Weupe walifika pwani za kaskazini za Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, wakaiita Lavigerieville. Huko hapakuwa na swali la minervali. Watoto wengi wa misioni walikuwa wamekombolewa katika utumwa, na mtu hamdai ada mtoto aliyemnunua ili awe huru.

Mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa elimu ya juu ambao ziwa hili lilipata kuwaona naye alitoka katika utumwa. Ni Adrien Atiman, mtoto wa nchi za mto Niger, aliyeibwa angali mdogo, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, ili vijana Waafrika wasomee utabibu, wawe matabibu na makatekista. Nani alilipa? Walilipa Wakristo wa Ulaya kwa sadaka zao. Atiman alifika Karema, ng'ambo ya mashariki, mwaka 1889, akawatibu watu mpaka uzee, akafa huko mwaka 1956. Ukihesabu miaka aliyofanya kazi, waona kwamba karo ile ya Malta ililipwa mara nyingi sana, ijapokuwa hakuna aliyemwandikia deni.

Siku za Wabelgiji shule zetu zilikuwa mikononi mwa misioni. Toka mapatano ya mwaka 1925 Serikali ilikubali kuzisaidia shule hizo kwa fedha, na watoto walichangia kwa jembe katika mashamba ya misioni. Malalamiko ya wazazi wakati ule yalikuwa mengine, hasa kwamba ngazi ya shule ilikuwa fupi. Universite ya Lovanium, karibu na Kinshasa ya leo, ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na ya Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya universite hawakuzidi 30 katika nchi nzima.

Uvira ikawa Jimbo mwaka 1962, na Mapadre Wasaveri wakawa na mzigo wa misioni zake. Miaka 2 baadaye likaja ghasia la waasi. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka na Fizi mapadre Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert, ambao Kanisa liliwatangaza Wenye Heri huku Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hata hivyo vijana waliosalimika walikwenda Bukavu na Lovanium, wengi kwa msaada wa Serikali, uliolipa masomo, chakula na kitanda. Mwaka 1971 Serikali ikaziunganisha universite zote kuwa moja yake, na mwaka 1974 ikatwaa na shule za misioni. Kisha ikaona mzigo ni mzito, ikazirudisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977: Kanisa liziongoze, Serikali ilipe walimu.

Haya ya kulipa walimu yakavunjika, na kuvunjika kwake ndiko kulikozaa madeni tuliyo nayo. Zaire ya fedha ilipoanza mwaka 1967 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mzazi aliyeweka akiba ya masomo sandukuni alikuta ameweka karatasi. Mshahara wa mwalimu ulifika umechelewa, na ulipofika haukununua kapu la ndagala. Mwaka 1992 walimu waligoma, nchi ikaogopa kupoteza kizazi. Ndipo Baraza la Maaskofu na chama cha wazazi walipopatana kwamba wazazi watoe fedha za kumtia moyo mwalimu, mpaka Serikali itakaporudi kazini mwake. Ilikusudiwa kuwa dawa ya muda. Ikawa chakula cha kila siku kwa karibu miaka 30.

Hatusemi Maaskofu walikosea. Bila mapatano yale, shule nyingi za Uvira na Fizi zingekuwa maghala. Lakini tuseme kweli: fedha ziliyotolewa kwa ajili ya mwalimu zilianza kupanda ngazi, kipande ofisi hii, kipande ofisi ile, na ofisi za Kanisa hazikukosa fungu lao. Tena kitu kikubwa kilibadilika moyoni. Zamani mwalimu na mzazi walikuwa wakimwangalia mtoto pamoja. Sasa mwalimu akamwona mzazi kama mdeni wake, naye mzazi akamwona mwalimu kama mtoza kodi. Kati yao akasimama mtoto.

Katika elimu ya juu ilikuwa vivyo hivyo. Msaada wa Serikali ukanyauka, vyuo vikaongezeka, Jimbo Kuu la Bukavu likafungua Universite Katoliki mwaka 1989, na leo Uvira yenyewe ina vyuo vyake. Ada huhesabiwa kwa dola, huvunjwa mafungu, na fungu lina tarehe. Asiyelipa haandikishwi kwa mtihani. Na aliyemaliza na deni, cheti chake hukaa kabatini mwa chuo.

Lakini watu wa ziwa hawalipwi kwa tarehe. Uvuvi wa ndagala ni kazi ya usiku wa giza: taa huwashwa mitumbwini, samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na mvuvi hulaza chombo chake siku nyingi. Basi fedha za mvuvi hufuata mwezi wa mbinguni, si mwezi wa kalenda. Zaidi ya hayo, nchi zinazolizunguka ziwa zilipatana kulipumzisha miezi 3 kila mwaka, toka 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ni shauri la busara, twalikubali, maana samaki walikuwa wanakwisha. Ila angalia kalenda ya chuo: fungu la mwisho la ada na mitihani mikubwa huangukia katika miezi hiyo hiyo. Mkulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi naye ana majira yake. Waliokuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi ni watu wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, na kiwanda kile kilisimama mwaka 1996 vita vilipoanza. Watoto wangapi wa Kiliba waliokuwa wakisoma Bukavu mwaka ule walirudi nyumbani, sisi tusiseme idadi. Na tarehe ilipokosewa katika nyumba nyingi, aliyetolewa shuleni kwanza alikuwa binti.

Hao ndio Augustino wa Tagaste. Wale wa Roma nao tunao. Kila mtu kwetu ajua maana ya kula minervali. Baba huuza ng'ombe, humkabidhi kijana fedha, na kijana wa mjini huzila kwa viatu, simu na rafiki. Huandika nyumbani kwamba masomo yaenda vizuri. Mwaka wa pili wafika, wa tatu wafika, baba asubiri sikukuu ya shahada, hata ndugu mmoja aje na habari kwamba jina halikusomwa. Pengine huwa na risiti ya uongo mfukoni. Deni hilo si la baba, baba alilipa. Wala si haki mwalimu wa chuo alale njaa kwa sababu yake. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kila chuo kinachodai ni chuo cha wanyang'anyi. Mtunza fedha ana mishahara ya kutoa, na wako walimu wa vyuo wasioandikwa bado katika orodha ya mishahara ya Serikali, wanaoishi kwa fungu lile la ada tu.

Kasoro ni kuwapa wote adhabu moja. Kumfungia mtu mlango wa mtihani ni adhabu ya ajabu: yamnyima kile kitu ambacho kingemwezesha kulipa. Mwaka wake waharibika, na mwaka ujao ataudaiwa tena toka mwanzo, deni juu ya deni. Kuzuia cheti baada ya mtihani ni afadhali, maana cheti ni kama kile kitabu cha Oxford: hukaa rehani, hakichomwi. Lakini hata rehani yataka mapatano. Pawe na karatasi ya ahadi, mzazi atie sahihi, itajwe tarehe anayoweza mvuvi na si anayoipenda chuo, na fedha ziende mikononi mwa chuo, zisipitie mfukoni mwa kijana. Mama zetu wa sokoni Kalundu wajua mambo haya bila kusoma. Katika likelemba yao hakuna mtu anayedaiwa fungu siku aliyozika; hupishana zamu, na siku nyingine alipa. Mlaghai hutolewa nje mara ya kwanza. Wajua kutofautisha kwa kuwa wamjua mtu, nyumba yake na mume wake.

Katiba ya mwaka 2006 ilisema elimu ya msingi ni ya bure katika shule za Serikali, nayo ilianza kutimizwa kwa nguvu mwezi wa Septemba 2019. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakaketi chini. Walimu wasiokuwa katika orodha ya mishahara walipoteza fedha za wazazi wasipate za Serikali, na wengi waligoma. Ni ile nusu ya amri ya Laterani iliyosahauliwa. Vyuo vya juu havikuguswa. Huko ada yaendelea.

Mwezi wa Februari 2025 Bukavu ilitwaliwa na waasi wa M23, na mabanki ya mji yakafunga milango. Kamanyola nayo ikaangukia upande wao, na njia ya Uvira kwenda Bukavu ikakatwa na mstari wa vita. Wako wazazi waliokuwa na fedha mkononi wakakosa mahali pa kuziweka, na wako wanafunzi waliokuwa Bukavu, wazazi wao ng'ambo ya bunduki. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule vita vikafika Uvira yenyewe. Mtunza fedha afunguapo daftari la mwaka ule ataona majina ya watoto wa Uvira, Sange na Luvungi, na mbele ya mengi yao nafasi tupu. Hazimwambii ni nani aliyekula minervali na ni nani aliyekatiwa njia. Itambidi awaite, mmoja mmoja, aulize.